Nilivyomtafuta Afande Chuma Hadi Elburgon

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo kwangu anaketi kwenye kigoda na kuuliza swali lile lile: ati ni kweli niliacha cherehani siku tatu nikaenda kutafuta muvi ya Kihindi? Ni kweli. Na kwa kuwa nikisimulia kwa mdomo huwa nakatizwa kabla sijafika Gilgil, nimeamua kuandika. Someni mkiwa mmetulia. Anayetaka kucheka acheke, ila asinicheke kabla ya kumaliza.

Kaptembwo: mimi na pasi yangu

Kwa wasiomjua, baba yangu anaishi nami hapa Nakuru tangu mama afariki. Alikuwa polisi miaka thelathini, akastaafu na tepe zake mbili begani, na mtaa mzima bado unamwita Koplo. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alijua mchana na usiku, alijua mlango ukizibwa na mtu, basi. Shati alilovaa nilimchagulia mimi, na alinishuku kila siku kwamba nimemvalisha rangi ya kike.

Lakini filamu alikuwa akiangalia. Najua mtauliza aliangaliaje. Alikuwa akisikiliza. Zile filamu za polisi wa Kihindi zilizosimuliwa na madijei wetu hazihitaji macho. Dijei anaongea juu ya picha mwanzo hadi mwisho, anakueleza nani amerushwa juu ya paa na nani analia. Waigizaji anawapa majina ya huku kwetu, na filamu yenyewe anaipa jina jipya, ambalo muuzaji analiandika kwa kalamu juu ya karatasi ya kufunikia CD. Jina ambalo Wahindi wenyewe waliipa, hakuna mtu analijua wala kulitafuta.

Jirani mmoja aliyehamia Kisumu alimwachia baba mfuko wa CD kuukuu. Humo ndimo tulimopata *Afande Chuma*, sehemu ya kwanza na ya pili, iliyosimuliwa na mtu anayejiita Dijei Msumeno. Ya kwanza tuliisikiliza mara tatu. Huyo Afande ana masharubu mazito na shati la kaki lililombana mpaka mimi fundi nikawa nashindwa kupumua kwa niaba yake. Anapiga teke gunia la vitunguu, gunia linapaa linaangusha helikopta. Kwapa halipasuki! Nimeshona sare za shule miaka kumi na minane na bado sijaelewa kitambaa gani kile.

Sehemu ya kwanza inaishia pabaya. Mwalimu mzee aliyemlea Afande ametekwa na majambazi ndani ya kinu cha kukoboa mchele. Afande yuko mbali, gari lake limetobolewa magurudumu yote manne, mvua inanyesha. Anatupa funguo, anaanza kukimbia. Hapo picha inakatika, na Dijei Msumeno anasema, "Je, atafika?"

Baba alisema sehemu ya pili tungeisikiliza Jumapili baada ya kanisa, kwa heshima zake. Jumamosi stima ilikuwa imepotea asubuhi nzima. Iliporudi nikakimbilia pasi nimalize suruali za watu, mteja akaniita mlangoni, nikaiweka pasi mezani bila kuangalia. Niliiweka juu ya Afande Chuma sehemu ya pili. Mnajua harufu ya plastiki ikiungua.

Baba hakunigombeza, na hilo lilinisumbua zaidi. Jumatatu hospitali ikapiga simu: madaktari wa macho wako mjini wiki hii tu, Koplo apelekwe Ijumaa asubuhi apasuliwe. Tulikuwa tumengoja simu hiyo mwaka mzima, na hakuna aliyejua madaktari hao wangerudi lini. Nikaanza kupiga vigelegele. Baba akasema, "Siendi."

"Kwa nini, Baba?"

"Mimi ni mzee. Daktari akinikosea nisiamke, niende na hilo swali? Kwanza nijue kama alifika."

Nikadhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Nilimbembeleza, nikamletea pasta wetu, nikamnunia. Mwishowe nikamdanganya kwamba nimeuliza mjini na nimeambiwa alifika. Akageuza uso kwangu na kuniuliza, "Aliingilia mlango wa mbele ama wa nyuma?" Alikuwa amehoji waongo maisha yake yote, na mimi sikuwa hata mwongo mzuri.

Maduka ya muvi mjini hayakunisaidia. Vijana waliniuliza jina halisi la filamu, nikawaambia *Afande Chuma*, wakatazamana. Polisi wa Kihindi mwenye masharubu, wakasema, wako mia. Nilichokuwa nacho kingine ni karatasi ya CD tu, na nyuma yake muhuri uliofifia wa ukumbi wa video wa Dundori. Jumanne asubuhi nikamwacha baba na jirani yangu Mama Atieno, nikafunga duka.

Dundori: viazi kwanza

Mkienda Dundori bebeni sweta hata kama jua linawaka Nakuru. Nilishukia kwenye ukungu na matope mekundu, nikauliza ukumbi wa video. Nikaonyeshwa jengo la mabati. Ndani kuta bado zimepakwa rangi nyeusi kama zamani, ila palipokuwa na mabenchi pana magunia ya viazi hadi kwenye dari.

Mwenyewe anaitwa Mama Nyokabi, mama mnene mwenye kofia ya sufu. Kabla sijafungua kinywa alishanishika mkono. "Karibu, karibu. Wewe ndio wa hoteli ya Nakuru? Kuja uone viazi, usinunue kitu hujaona."

Nikamwambia mimi si wa hoteli. Akasema hata wa shule ni sawa. Alipasua kiazi kimoja kwa kisu, akaninusisha, akapasua kingine, akanieleza kwa nini cha jirani yake kinaoza upesi. Nusu saa nzima! Aliponiuliza nataka magunia mangapi ndipo nikatoa ile karatasi ya CD.

Aliitazama kwa muda. Kisha akacheka hadi akaketi kwenye gunia. "Haki ya Mungu. Afande Chuma! Umetoka Nakuru kwa sababu ya Afande Chuma?"

Akaniletea viazi vya kuchemsha na chumvi na chai ya maziwa matupu, na nikala kweli kweli. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu zamani: hawa polisi wa Kihindi wanapendewa nini? Huku hakuna anayefurahi akiona polisi mlangoni. Hata sisi tuliozaliwa na mmoja tulikuwa tunanyooka tukisikia buti zake.

"Wanaume walikuja juu ya vita," alisema. "Wakitoka hapa walikuwa wanatembea kifua mbele mpaka nyumbani. Lakini wanawake ndio walijaza hii nyumba. Unajua kwa nini? Yule mtu anapiga watu hamsini, alafu anaenda kwa mamake anainama, anashika miguu yake. Sasa niambie, kuna mwanaume gani hapa Dundori amewahi kushika miguu ya mamake? Tulikuwa tunalia mimi nakwambia."

CD zake zote alikuwa amemuuzia kinyozi mmoja wa Gilgil, anayewawekea wateja wakingoja zamu. Na lori la viazi vyake lilikuwa linaondoka saa hiyo hiyo kwenda huko kupitia Ol Kalou. Nikapanda mbele bila kufikiri mara mbili.

Dundori hadi Gilgil: matope

Dereva aliitwa Sospeter, mtu mwembamba anayeendesha akiwa amekunja uso kama anayesoma barua. Tulikwenda vizuri mpaka mteremko mmoja kabla ya Ol Kalou. Hapo lori likaingia kwenye matope, likalala upande, likakataa. Tulikaa hapo saa tatu. Magunia yalishushwa, na msidhani nilikaa ndani kama mgeni wa heshima. Nilikokota magunia na sketi yangu ya kanisani, na matope hayo hayajatoka mpaka leo.

Tulipokuwa tukingoja trekta, Sospeter aliuliza ninafuata nini Gilgil. Nilipomweleza, alikunjua uso kwa mara ya kwanza.

"Mathe, mimi hizo muvi za polisi naangalia zote. Yule jamaa ni mtu poa."

"Unampendea nini?"

"Si yuko bize na helikopta? Hajawahi simamisha lori. Hajawahi niambia nishuke aone taa ya nyuma." Akafikiri kidogo. "Na akisema anakuja, anakuja. Sisi hapa tumengoja trekta saa ngapi?"

Nikacheka, lakini maneno hayo ya mwisho yaliniingia. Nilikumbuka kwamba baba naye hajawahi kuniuliza kama Afande alishinda. Swali lake ni kama alifika. Niliona ni ajabu kidogo, kisha trekta ikaja nikasahau.

Ol Kalou tulikula mahindi ya kuchoma tukiwa tumesimama. Gilgil tuliingia jua likizama.

Gilgil: CD isiyokuwa yake

Kinyozi anaitwa Oti. Kibanda chake kimebandikwa picha za masharubu tupu, yamepangwa kwa namba, na wateja wanaagiza kwa namba. Nilimkuta akimnyoa mwanamume mmoja namba saba, akaniashiria nikae. Hakuniruhusu kusema neno mpaka upande wa kushoto ulingane na wa kulia.

"Namba saba ndiyo ya Afande Chuma mwenyewe," alinieleza kwa fahari. "Wanaume wengi wa hapa wanavaa hiyo. Ukiwa nayo bibi yako anakuitikia."

Akavuta kreti chini ya kiti, akapekua, na mara nikaona karatasi yenye mwandiko ule ule wa kalamu: *Afande Chuma*, sehemu ya pili. Nilimkumbatia yule mtu mbele ya mteja wake! Akaiweka kwenye mashine. Tukasikia kinanda, kisha ikatokea kwaya ya kina mama wamevaa majoho ya njano, wanaimba kwa madaha.

Tulijaribu CD zote za kreti lile. Kumbe mkewe Oti ndiye huwa anazirudisha kwenye karatasi zake, na kwake CD ni CD. Jioni hiyo walinilaza kwao, wakanipa ugali na omena, vile visamaki vya ziwani, na mkewe akaniomba radhi mara nyingi hadi nikaanza kumwomba yeye. Mimi niliyeunguza yangu kwa pasi ningemlaumu nani?

Kabla ya kulala Oti alikumbuka jambo. "Huyo Msumeno nilimwona mara moja. Alikuja hapa kusimulia muvi laivu, ukumbi ukajaa mpaka nje. Kabla aingie alipitia kwangu nimnyoe. Nywele zake zilikuwa zimejaa unga wa mbao, mashine yangu ikaziba. Aliniambia anafanya kazi Elburgon, kwa mashine ya kupasua mbao."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano. Ningeweza kurudi nyumbani mikono mitupu, au kwenda mbele. Nilimpigia Mama Atieno, akanipa baba. Nikamuuliza kama sasa atakubali kwenda hospitali. Akaniuliza, "Umefika wapi?" Nikasema Gilgil. Akasema, "Endelea."

Gilgil hadi Elburgon: napita kwetu kama mgeni

Oti alinitafutia lori tupu linalokwenda kupakia mbao. Sina mengi ya kusema juu ya safari hii, ila tulipita karibu na kwetu mchana kweupe, nikajiinamia ili mteja wangu yeyote asinione. Nilikuwa na nguo za watu kumi na mmoja ambazo hazijakamilika. Njoro tulisimama dereva anunue maziwa lala, akaninunulia na mimi.

Elburgon unaisikia kabla hujaiona. Misumeno inalia toka kila upande na hewa inanukia mti mbichi. Nilianza kuuliza mashine moja baada ya nyingine: mnamjua mtu aliyekuwa akisimulia muvi, akiitwa Dijei Msumeno? Wa kwanza akasema hamjui. Wa pili akasema alihamia Kericho. Mashine ya tatu, msimamizi mmoja mwenye koti la mvua alinitazama toka viatuni hadi kitambaa cha kichwa.

"Huyo alikufa," akasema.

Jamani. Sikuwa nimewahi kumwona yule mtu, lakini nilikaa juu ya gogo nikalia kwa sauti. Nililia matope, nililia omena, nililia macho ya baba. Wanaume wakazima mashine. Nikawaambia yote, toka pasi hadi Ijumaa, nikipenga kamasi kwenye leso.

Mtu mmoja mfupi aliyekuwa akifagia unga wa mbao aliweka fagio chini. Ana sauti ndogo, unamsogelea ndipo umsikie. "Kwa hivyo wewe sio mtu wa kushika watu wa CD?"

"Mimi ni fundi wa nguo!"

Wote wakapumua. Walikuwa wameona mwanamke mgeni, mkoba mkubwa, anauliza jina la dijei, wakajua nimetumwa na wenye filamu kuwashtaki waliozirudufu. Msimamizi akatazama chini, akasema pole mathe. Yule mfagiaji akanyoosha mkono. "Mimi ndiye Msumeno. Jina yangu ni Rono. Hiyo kazi niliacha siku mingi."

Elburgon: ndani ya kinu

Mkewe Rono alitupa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, na ugali na mboga za managu, na Rono akatoa chini ya kitanda kopo la biskuti lenye CD zake za asili, zile ambazo hazijatiwa sauti. Nilitaka kujua alijifunzia wapi Kihindi.

"Mimi? Hata salamu sijui," alisema. "Mimi huangalia uso. Mtu akikasirika, si unaona? Akipenda, si unaona? Ile ingine unaongeza."

Fikirini. Miaka hiyo yote tumelia na kucheka kwa maneno ya mpasua mbao wa Elburgon anayesoma nyuso za watu! Badala ya kuudhika nilimheshimu zaidi. Mimi pia hushona gauni la mtu aliyenionyesha picha kwenye simu.

Tukaiweka sehemu ya pili, ya asili, bila dijei. Afande anakimbia. Anaruka mto, anapita katikati ya treni mbili, anapiga watu wasiohesabika njiani, na shati halitoki ndani ya suruali. Anafika kwenye kinu. Mlango uko wazi. Mwalimu amelala kwenye vumbi la mchele, na mkewe ameketi kando yake. Afande anasimama pale mlangoni na maji yanamchuruzika. Kisha anavua kofia, anaketi chini karibu na yule mama, wala hasemi kitu. Hakuna wimbo. Dakika nzima inapita hakuna anayepigwa. Baadaye vita vinaendelea na majambazi wanakiona, lakini mimi sikuviangalia vizuri.

"Hakufika," nikasema.

"Hakufika." Rono alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu. "Lakini kwa ile yangu alifika. Nilisema mwalimu amezirai tu. Nikasema hapo mbele amepelekwa hospitali, atapona. Watu walikuwa wametoka shambani, wamechoka, wamekuja waone mtu akifika kwa wakati. Nikaona siwezi."

Alikubali kunisimulia upya, nimrekodi kwa simu, maana baba hahitaji picha. Kabla ya kuanza akaniuliza, "Sasa, mama, mzee wako tumpatie gani? Afike ama asifike?"

Sikusita. Nilitaka baba alale mezani kwa daktari na moyo mwepesi. "Afike," nikasema.

Rono akasimama katikati ya chumba. Sijui ile sauti alikuwa ameiweka wapi. Ilitoka kubwa, nzito, inaviringika, vikombe kabatini vikaanza kulia, na majirani wakaja kujazana dirishani. Alisimulia saa moja na robo bila kunywa maji. Aliposema, "Na mlango wa kinu unafunguliwa, na Afande Chuma AMEFIKA!" watu wa nje walipiga mbinja. Nikapiga na mimi, nikijua ukweli.

Nililala kwao. Alhamisi alfajiri akanisindikiza hadi barabarani, akachukua fagio lake akaenda kazini.

Kaptembwo: swali la Koplo

Nilimkuta baba ameketi kitandani, amenyolewa ndevu. Hakuniuliza safari. Nikaweka simu mapajani pake na kuiwasha, nikaenda kukaa karibu na cherehani nimtazame.

Alisikiliza yote. Pale palipopigwa mbinja, hakutabasamu. Mwisho wake alitafuta simu kwa vidole, akanirudishia.

"Huyo dijei ni mzuri," akasema. "Lakini hapo kwa mlango sauti yake ilipanda. Mtu akidanganya inapanda. Wewe umeiona na macho yako, Wambui. Alifika?"

Ningemwambia nini? Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilijua nikisema vibaya ningekuwa nimeyaharibu macho yake kwa mara ya pili, baada ya ile pasi.

"Alichelewa, Baba."

Watoto wa jirani walikuwa wakipigana nje na hakuna aliyewaamua.

"Sasa huyo ni polisi ninayemjua," akasema hatimaye. Kisha, "Na alipochelewa alifanya nini?"

"Alivua kofia akaketi chini na mke wa marehemu."

Baba akaitika kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hata mama hakuwahi kulijua. Zamani, akiwa kituo kimoja upande wa msituni juu ya Elburgon, majambazi walivamia kinu cha posho, cha kusaga unga wa mahindi, mchana wa mvua. Gari lao lilikwama matopeni, wakalisukuma kilomita nyingi. Walipofika mwenye kinu alikuwa ameshauawa. Mkewe alikuwa hapo, kijana tu.

"Sikuweza kumwangalia," baba alisema. "Nilihesabu maganda ya risasi, nikarudi kituoni nikaandika ripoti. Iliandikwa vizuri sana ile ripoti."

Aliyafuta macho yake mabovu kwa kiganja, akaniambia nimtafutie koti la kesho, na lisiwe la kike.

Elburgon mara ya pili

Hospitali nitaipitia upesi kwa sababu ilikwenda salama. Jicho la kulia Ijumaa, na la kushoto nalo likapasuliwa kesho yake kabla ya madaktari kuondoka. Bandeji zilipotolewa alilalamika kwamba nyumba yangu ina vumbi. Wiki tatu baadaye akaniambia nifunge duka tena, siku moja tu. Sikumuuliza tunaenda wapi.

Kinu kile bado kipo, na mwenyewe ni yule mjane, sasa ajuza, anaitwa Mama Chebet. Alikuwa amekaa nje anapepeta maharagwe. Baba alisimama mbele yake na miwani yake myeusi ya hospitali, akajitaja jina na kituo alichokuwa.

Yule mama aliacha kupepeta. "Wewe ulikuwa kwa wale wa gari," akasema.

"Tulichelewa, mama. Nimekuja kusema hivyo. Tulichelewa na sikukupa hata pole."

"Mlichelewa," akakubali. "Siku hiyo watu wote walikuwa wametoroka. Nilikuwa hapa na yeye, pekee yangu, nikawaona nyinyi huko chini kwa barabara mnasukuma hiyo gari kwa mvua. Mnaanguka, mnasukuma. Nikajua kuna watu wanakuja. Sikujua nifanye nini ingine, nikaweka maji ya chai, nikapika ya watu wanne. Alafu mkahesabu vitu zenu, mkaenda. Hamkukunywa."

Mama Chebet akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na birika na vikombe vitatu. Baba alivua kofia, akaketi kwenye benchi karibu naye, akanywa vikombe viwili.